Tafsida ya Msibani na Ukweli wa Daftari



Kila jioni katika nchi yetu ya Uganda, redio nyingi huuacha muziki kwa muda zikasoma matangazo ya vifo. Wazee hunyamaza, watoto huambiwa wapunguze kelele, na kila mmoja hutega sikio asije akapitwa na jina analolifahamu. Mtangazaji hutaja jina la marehemu, ukoo wake, wazazi wake, mjane au mgane aliyemwacha, ndugu walioko Kyotera, walioko Kampala na walioko ng'ambo, kisha hutaja kijiji na saa ya maziko. Tangazo huwa kamili kiasi kwamba mtu asiyewahi kufika katika kijiji hicho anaweza kupanda gari na kuufikia msiba bila kuuliza njia mara mbili.

Lakini katika habari zote hizo hukosekana habari moja: marehemu amekufa kwa nini. Mara nyingi tutasikia tu kwamba ameaga dunia "baada ya kuugua kwa muda mfupi" au "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Ufupi huo na urefu huo ndio uchunguzi wote wa maiti ambao umma hupewa.

Darasani matumizi ya lugha kama hayo tunayaita tafsida, yaani kutumia maneno ya upole ili kupunguza ukali wa jambo. Hatusemi "amekufa", tunasema amefariki dunia, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Mimi mwenyewe huwapa wanafunzi alama nzuri wanapozitumia semi hizi mahali panapofaa, kwa kuwa lugha isiyojua kumfariji mfiwa ni lugha iliyopungukiwa na utu. Kwa hiyo leo sikuja kuishambulia tafsida. Nimekuja kutetea hoja moja: tafsida ina makao yake, na makao hayo ni msibani. Inapohama msibani ikaingia katika daftari la taifa, au inapolifanya daftari lenyewe lisiandikwe kabisa, huacha kuwa faraja ikawa hatari kwa walio hai.

Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumepita hapo. Tunaficha maradhi, na kifo kinapoyaumbua, tunakificha kifo nacho.

Kwa nini nasema juu ya watu wazima

Tumezoea kusikia habari za vifo vya watoto wachanga, na ni vyema, kwa kuwa chanjo, vyandarua na maji safi vimeokoa watoto wengi mno. Ila kifo cha mtu mzima hakipewi uzito kama huo katika mijadala yetu ya kiraia. Akifa mtu wa miaka 35, huwa amekufa mlipa karo, mlima shamba, mwimbaji wa kwaya, mpiga kura na mzazi kwa pamoja. Nyumba nzima hubadili mwelekeo. Mtoto wa kwanza huacha shule ili awalee wadogo zake, bibi mwenye miaka 70 hurudi kuwa mama, na shamba hugeuka kuwa mzozo wa ukoo.

Wataalamu wa idadi ya watu wana kipimo maalumu cha hali hii. Huuliza: kati ya watu 1,000 waliofika umri wa miaka 15, ni wangapi watakufa kabla ya kutimiza miaka 60 iwapo hali ya vifo itabaki kama ilivyo leo? Hiki ndicho kipimo cha vifo vya watu wazima. Kinapopanda, taifa linapoteza watu wake katika umri ambao lilikuwa limekwisha kuwalea na kuwasomesha, na lilikuwa linangoja matunda.

Sasa jiulize: kipimo hicho hupatikanaje katika nchi ambayo vifo vingi haviandikishwi? Hupatikana kwa kuuliza walio hai. Katika utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, ambao hurudiwa kila baada ya miaka michache, mhojaji huketi na mtu mzima na kumwomba awataje ndugu zake wote waliozaliwa na mama mmoja naye. Nani yu hai? Ana umri gani? Nani amefariki? Alifariki miaka mingapi iliyopita, akiwa na umri gani? Kama ni dada, je, alikuwa mjamzito, au alikuwa akijifungua, au alikuwa amejifungua karibuni? Majibu ya maelfu ya watu huunganishwa, na kutokana nayo hukadiriwa hali ya nchi nzima.

Ni njia ya busara, nami nawaheshimu walioibuni. Lakini tazama maana yake. Taifa linapotaka kujua watu wake wanakufaje, halifungui kitabu chake. Linabisha hodi na kuomba kumbukumbu za dada na kaka wa marehemu. Kumbukumbu husahau umri. Huchanganya miaka. Na juu ya chanzo cha kifo, hurudia yale yale yaliyosemwa msibani.

Somo la miaka thelathini

Sensa zetu zimeandika hadithi ambayo kila mwanafunzi wa Uganda anapaswa kuijua. Umri wa kuishi unaotarajiwa mtoto anapozaliwa ulikuwa miaka 48 hivi katika sensa ya mwaka 1991. Katika sensa ya mwaka 2002 ulikuwa takriban miaka 50. Katika sensa ya mwaka 2014 ulikuwa umefika takriban miaka 63. Hesabu tofauti hizo. Katika miaka 11 ya kwanza tuliongeza miaka miwili tu. Katika miaka 12 iliyofuata tuliongeza miaka 13.

Nini kilitokea? Sehemu kubwa ya jibu ni UKIMWI: kwanza kuja kwake, kisha dawa zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, kando ya Ziwa Viktoria karibu na mpaka wa Tanzania, watu wazima wenye nguvu walianza kuharisha, kukonda na kufa. Ugonjwa ukapewa jina la kukonda huko, slim, na katika Kiganda ukatamkwa siriimu, jina ambalo hadi leo halijafutika. Wengine walisema ni uchawi, kwamba wafanyabiashara wa magendo waliotapeliwa wamelipiza kisasi. Maelezo ya kichawi yalienea kwa sababu nafasi ya maelezo mengine ilikuwa tupu. Hakukuwa na daftari la kuonyesha kwamba kijiji hiki na kile, vijana hawa na wale, wanakufa kwa dalili zile zile. Mwaka 1985 ndipo madaktari wa Uganda na wenzao walipouandika ugonjwa huo katika jarida la kitabibu la Lancet na kuuhusisha na virusi vilivyokuwa vimekwisha kutambuliwa kwingineko.

Rais Yoweri Museveni amesimulia mara nyingi jinsi yeye mwenyewe alivyozinduka. Mwaka 1986, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Harare, Fidel Castro alimweleza kwamba kati ya wanajeshi 60 wa Uganda waliokuwa wamepelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikuwa na virusi. Tuitafakari habari hiyo. Kilichomshtua kiongozi wa nchi hakikuwa hotuba wala huruma. Kilikuwa hesabu: 18 kati ya 60. Idadi iliyoandikwa na mtu mwingine, katika nchi nyingine, ilieleza jambo ambalo matangazo yetu ya misiba hayakulisema.

Baada ya hapo ukimya ulianza kuvunjwa. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO ili wagonjwa na jamaa zao wasiachwe peke yao. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaya alisimama hadharani akasema kwamba ana UKIMWI, kisha akautumia mwaka huo wa mwisho wa uhai wake kuzunguka shuleni na makanisani akiwaonya vijana. Alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Wapo waliosema kwamba anatafuta umaarufu. Kaburi lake liliwajibu.

Jambo la tatu halizungumzwi sana, nalo ndilo linalonigusa zaidi kwa ajili ya hoja ya leo. Kuanzia mwaka 1989, huko Kyamulibwa katika eneo la Masaka, watafiti walianza kuwaandika wakazi wa vijiji kadhaa, nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka: aliyezaliwa, aliyehama, aliyekufa. Kazi kama hiyo ilifanyika Rakai pia. Palipotokea kifo, baada ya muda wa maombolezo mtu aliyefunzwa alikwenda kuzungumza na wafiwa, akauliza dalili: alikuwa na homa? Alikohoa kwa muda gani? Alikonda? Alianguka ghafla? Mazungumzo hayo yana jina; ni uchunguzi wa kifo kwa njia ya mahojiano. Kutokana na daftari hizo ilijulikana kwa uhakika kwamba virusi vya UKIMWI vilihusika katika karibu nusu ya vifo vyote vya watu wazima wa maeneo hayo, na katika vifo vilivyo vingi zaidi kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 34. Haikuwezekana tena kusema kwamba ni uvumi wa mjini.

Kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa wingi. Daftari zile zile zikaonyesha vifo vikishuka. Leo Waganda zaidi ya milioni moja wanameza dawa hizo na kwenda kazini kama kawaida, ingawa bado takriban watu 20,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayohusiana na UKIMWI. Watu 20,000 si wachache. Lakini miaka 30 iliyopita tulikuwa tukiuliza iwapo kutabaki mtu wa kuzika.

Funzo ni hili: nchi hii iliishinda hofu yake kubwa kwa dawa, kwa ujasiri wa watu walionena, na kwa watu waliokuwa wakiandika. Wawili wa kwanza tunawakumbuka. Wa tatu tumemsahau.

Mauti yamebadili nguo

Kwa nini niyaseme haya leo, wakati hali imekuwa nafuu? Kwa sababu mauti hayajaondoka. Yamebadili nguo, na mavazi yake mapya hayajulikani sana.

Chukua shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2014 kwa watu wenye umri wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kwamba zaidi ya robo yao walikuwa na shinikizo la damu lililozidi kiwango. La kutisha zaidi ni kwamba kati ya kila watu 100 waliokuwa na hali hiyo, wasiozidi wanane ndio waliokuwa wanajijua. Waliobaki walikuwa wakilima, wakifundisha na kuendesha magari huku wamebeba jambo ambalo siku moja hugeuka kuwa kiharusi au kushindwa kwa moyo au figo. Mtu wa namna hiyo akianguka shambani na kufa, redio itasema "kifo cha ghafla". Majirani watasema amerogwa, au aliyekula naye jana ndiye aliyemtilia sumu. Nimekuwapo katika maziko ambapo minong'ono ya sumu iligawa ukoo mmoja makundi mawili kabla jeneza halijateremshwa. Ukoo ule ungelijua neno "kiharusi", huenda ndugu wawili wangekuwa wakisalimiana mpaka leo, na watoto wa marehemu wangekuwa wakipimwa shinikizo kila mwaka badala ya kuvishwa hirizi.

Chukua barabara. Ripoti za mwaka za polisi zinaonyesha kwamba watu 4,806 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Idadi hii ya pili ni sawa na watu 14 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wengi wao ni watembea kwa miguu, waendesha boda boda na abiria wao, yaani vijana hasa. Angalia tena: tunaweza kuijadili idadi hii bungeni na vijiweni kwa sababu tu kuna chombo kinachoiandika. Polisi huandika ajali. Nani huandika kiharusi?

Chukua pia kina mama. Utafiti wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba wanawake 438 walikuwa wakifa kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2016 makadirio yalikuwa 336, na mwaka 2022 yalikuwa 189. Ni maendeleo ya kushangiliwa. Lakini makadirio hayo yametokana na maswali yale yale ya ndugu wa tumbo moja niliyoyaeleza hapo juu. Yanatuambia kuhusu nchi nzima kwa ujumla, na kwa miaka kadhaa iliyopita. Hayamwambii mkuu wa wilaya kwamba mwezi uliopita, katika kaunti ndogo fulani, wanawake watatu walitokwa na damu hadi kufa kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Kwa habari ya namna hiyo linahitajika daftari la mahali hapo, la mwezi huo.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow hakuwa na darubini iliyomwonyesha kijidudu. Alikwenda katika ofisi ya usajili akapata orodha ya waliokufa na anwani zao, akauliza kila nyumba ilichota maji wapi, na orodha ikamwelekeza kwenye bomba moja la Broad Street. Mkono wa bomba ukaondolewa. Bila orodha ile, bomba lile lingebaki bomba la maji tu.

Tunajua kuandika

Baadhi yenu mtasema: haya ni mambo ya nchi tajiri, sisi wanakijiji hatuna utamaduni wa kuandika misiba. Siyakubali hayo. Nenda katika msiba wowote wa Buganda ukatazame pembeni mwa hema. Utamwona kijana ameketi na daftari la shule, anaandika mabugo, yaani michango ya rambirambi. Fulani shilingi 10,000. Fulani shilingi 2,000. Fulani mkungu wa matoke. Vyama vya kuzikana, vile tunavyoviita munno mukabi, huandika nani alileta kuni, nani alichota maji, nani hakutokea na hivyo anadaiwa faini. Daftari hilo hutunzwa miaka mingi, kwa kuwa leo kwako, kesho kwangu.

Basi tunajua kuandika, tena kwa umakini kuliko makarani wengi. Tunaandika kila shilingi iliyoletwa na kila mtu aliyeileta. Ambaye hatumwandiki ni marehemu mwenyewe.

Pendekezo langu ni dogo. Ukurasa wa kwanza wa daftari la mabugo uwe wa marehemu: jina lake kamili, umri wake, siku na mahali alipofia, na chanzo cha kifo kadiri familia na mhudumu wa afya wanavyokijua. Kabla wiki mbili hazijapita, mtu mmoja aliyeteuliwa na familia apeleke habari hizo mahali vifo vinapopokelewa: hospitalini ikiwa marehemu alifia huko, au katika ofisi ya kaunti ndogo ikiwa alifia nyumbani. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 imeipa mamlaka ya NIRA kazi ya kuandikisha vizazi na vifo. Kuandikisha kifo ni wajibu wa kisheria, na ni haki ya marehemu pia, kwa kuwa mtu aliyezaliwa, akafanya kazi na kulipa kodi anastahili kutoka duniani akiwa na mstari mmoja katika kitabu cha nchi yake.

Nasikia vipingamizi vitatu, na vyote vina uzito.

Cha kwanza ni aibu. Watu huogopa kwamba chanzo cha kifo kikiandikwa, kitasomwa kijijini. Hapa ndipo ninapoitetea tena tafsida. Msibani, kasisi au shehe aseme alivyozoea. Redio itangaze ilivyozoea. Hakuna anayedai kwamba maradhi ya mtu yatangazwe kwa kipaza sauti. Kilichoandikwa katika fomu kiwe siri ya mtumishi wa afya na msajili, na anayeivujisha siri hiyo aadhibiwe. Kati ya kutangaza na kuandika kuna tofauti kubwa, nasi tumeteseka kwa kuvichanganya viwili hivyo.

Cha pili ni umbali na gharama. Mjane mwenye watoto watano hawezi kusafiri hadi makao makuu ya wilaya mara tatu kwa ajili ya karatasi. Ni kweli, na hapa lawama si ya raia bali ni ya serikali. Tunapaswa kudai kwamba vifo vipokelewe karibu na watu, na kwamba wahudumu wa afya wa vijiji wafunzwe kufanya mahojiano na wafiwa kama yale ya Kyamulibwa. Mgombea wa uongozi anapokuja kijijini kuahidi barabara, aulizwe pia kuhusu usajili wa vifo. Mpaka sasa sijamsikia mgombea yeyote aliyeulizwa swali hilo.

Cha tatu ni fikira kwamba karatasi haimrudishi mtu. Hapana, haimrudishi. Lakini huwalinda aliowaacha. Anayeomba mahakamani hati ya kusimamia mirathi hutakiwa kuthibitisha kwamba mwenye mali amefariki, na hati ya kifo ni miongoni mwa nyaraka za mwanzo anazoulizwa. Sheria ya Urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mjane au mgane asilimia 20 ya mali ya aliyekufa bila wosia, na watoto asilimia 75. Ni sheria njema. Hata hivyo, mjane asiye na hati ya kifo ameishika sheria hiyo kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba iliyo ng'ambo ya mto usio na daraja. Wakati anahangaika, shemeji wamekwisha pima shamba kwa kamba.

Kuna na la nne, ambalo si kipingamizi bali ni onyo la kiraia. Jina la mtu ambaye kifo chake hakikuandikishwa huendelea kuishi. Huendelea kuwamo katika orodha ya wapiga kura, na mahali pengine katika orodha ya mishahara. Kila uchaguzi tunalalamika kwamba wafu wamepiga kura. Wafu hawajitokezi vituoni kwa hiari yao, ndugu zangu. Sisi ndio tuliowaacha hai katika vitabu.

Tulionywa majuzi

Ugonjwa wa korona ulitupima. Takwimu rasmi za nchi yetu zilionyesha vifo visivyofika 4,000 kwa kipindi chote cha janga. Waliohesabiwa ni wale ambao vipimo vilithibitisha ugonjwa wao. Aliyefia nyumbani bila kupimwa, katikati ya mwaka 2021 wakati hospitali zilipokuwa zimejaa, alizikwa "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nchi yenye daftari kamili la vifo huweza kulinganisha: mwaka jana mwezi Juni walikufa wangapi, mwaka huu wangapi, na nini kimezidi. Sisi hatukuwa na mwaka jana wa kulinganisha nao. Hivyo tukabaki kubishana, mmoja akisema ugonjwa haukuwapo na mwingine akisema uliangamiza kijiji chake, na hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake kwa hoja. Palipo na daftari tupu, mwenye sauti kubwa ndiye hushinda.

Wanafunzi wangu, wengi wenu mnajifunza Kiswahili kama lugha ya tatu au ya nne, na mnataka kujua neno lipi litumike wapi. Hilo ndilo somo la leo. "Ametutoka" ni neno la kumwambia mama anayelia. "Alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 43" ni maneno ya kuandikwa. Mtu mstaarabu huyajua yote mawili, na hayabadilishani mahali. Siku msiba utakapofika nyumbani kwenu, nanyi ndio mliosoma, msiketi pembeni mkiandika mabugo tu. Fungueni ukurasa wa kwanza. Muulizeni mzee kwa adabu: marehemu alizaliwa mwaka gani, alianza kuugua lini, aliugua nini? Mwandikeni. Kisha mpeleke.

Maswali ya kujadili darasani

1. Toa mifano mitano ya tafsida zinazohusu kifo katika Kiswahili na katika lugha yako ya kwanza. Je, kuna inayotaja chanzo cha kifo?

2. Kwa nini mwandishi anatofautisha kutangaza na kuandika? Unakubaliana naye?

3. Muulize mzazi au mlezi wako: mtu wa mwisho kufariki katika ukoo wenu aliandikishwa? Kama hakuandikishwa, ni kwa sababu gani? Andika jibu kwa aya mbili, bila kutaja jina la marehemu.